Jeshi Linalopiga Hodi

Si zamani sana, na wala si mbali kiasi hicho, ipo nchi inayoitwa Staha. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, na ukikutana na mtu anayedai anaifahamu, mwambie amekosea, maana msimulizi hana hamu ya kuitwa kituoni kueleza alikuwa anamaanisha nani. Staha ni nchi ya watu wapole. Askari wa barabarani huko huomba radhi kabla ya kukukamata, wafungwa husalimiwa asubuhi kwa majina ya baba zao, na ile wizara ambayo kwingine ni ya ulinzi, kwao huitwa Wizara ya Vita na Ukarimu.

Nchi hiyo ilikuwa vitani. Ilikuwa inapigana na raia wake wenyewe wa milimani, ambao walikataa kuhamisha siku yao ya soko kutoka Alhamisi kwenda Jumatano. Serikali iliwaeleza tena na tena kwamba Jumatano ni siku nzuri. Wao wakasema ng'ombe wao wameizoea Alhamisi. Basi ikabidi mizinga ipelekwe.

Kwa bahati mbaya, mwanzoni tu mwa vita jeshi lilipiga harusi kwa mzinga. Wafadhili wa nje, ambao ndio waliouza ile mizinga, walisikitika sana. Waliuliza kama Staha ina kanuni za mapambano, yaani maandishi ya kumwambia askari nani apigwe, wakati gani, na afanye nini kwanza. Haikuwa nazo. Waziri, Mheshimiwa Lubawa, aliona haya mbele za watu, akaunda tume. Mwenyekiti akawa Profesa Mwinyikambi, bingwa wa mila, ambaye hakuwahi kuiona vita kwa macho lakini alikuwa amehudhuria makongamano mengi juu yake.

Tume ilijifungia katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikala, ikatafakari, ikatoka na Kanuni ya Hodi.

"Sisi si washenzi," Waziri aliwaambia waandishi wa habari. "Mtu aliyelelewa haingii nyumba ya mwenzake bila kupiga hodi. Basi kuanzia leo hakuna risasi ya Staha itakayoingia nyumba ya mtu bila hodi. Itapigwa mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Mwenye nyumba akisema karibu, ametukaribisha kwa kinywa chake, na yatakayofuata ni baina ya mgeni na mwenyeji. Akinyamaza, tutajua ana jambo analificha, kwa sababu mtu mwema haiachi hodi ipite hivi hivi."

Wafadhili walipiga makofi. Mmoja wao, mama mwembamba mwenye miwani, aliuliza kama kuna jibu lolote ambalo nyumba ikilitoa haitapigwa. Profesa Mwinyikambi alimshukuru kwa swali zuri, akasema litazingatiwa katika awamu ya pili.

Kanuni ilipopita, walihitajika wapiga hodi. Ndipo jeshi lilipomwendea Ngwali Makungu.

Ngwali alikuwa mtu wa mji mkuu, mtu mzima mwenye mke na mabinti, na kazi yake ilikuwa kualika watu harusini nyumba kwa nyumba. Kwao Staha huwezi kumtumia mtu kipande cha karatasi ukasema umemwalika. Lazima aje mtu mlangoni, apige hodi, aingie, aseme jina la bwana na bibi harusi, anywe maji, aende nyumba ya pili. Ngwali alikuwa na sauti ya kazi hiyo. Haikuwa kubwa, lakini ilipita mlangoni ikamkuta mtu jikoni, na mtu akaacha mwiko akaja huku anatabasamu kabla hajajua ni nani.

Alikubali kwa moyo mweupe. Habari ya ile harusi iliyopigwa ilikuwa imemnyima usingizi, kwa sababu alijua harusi ina watu gani ndani yake. Alijiambia kwamba kama siku ile angekuwepo mtu wa kupiga hodi tu, watu wale wangekuwa wanakula pilau mpaka saa hizi. Wakampa sare, cheo cha koplo, na kipaza sauti, ambacho alikirudisha siku hiyohiyo kwa kuwa hakukihitaji. Wakamweka katika kikosi cha Meja Dilunga. Meja alikuwa mtu mnene, mpole wa tabia, na aliipenda kanuni mno kwa sababu ilimsaidia kulala.

Nyumba ya kwanza aliyoipigia hodi ilikuwa na ua wa makuti na jiko lililokuwa linafuka moshi. Ngwali alisimama hatua chache kutoka mlangoni kama alivyozoea.

"Hodi, wenyewe," aliita.

"Karibu," mwanamke akaitika kutoka ndani. Kwa namna alivyotamka ilionekana alikuwa na kitu mdomoni, pengine anaonja mchuzi. "Karibu ndani."

Meja Dilunga alimshika Ngwali mkono kwa upole, akamsogeza pembeni, akaiangalia saa yake, akainua kidole. Mzinga ukalia. Vumbi liliposhuka, lile jiko lilikuwa bado linafuka, ila nyumba haikuwepo.

"Alisema karibu," Ngwali alisema. Hakuwa anamwambia mtu.

"Alisema," Meja alikubali. "Hata mimi nimesikia. Amekaribisha vizuri sana, Mungu amrehemu."

Nyumba ya pili haikuitika. Ngwali alirudia hodi, akavuta muda, akajifanya anakohoa, akarudia tena. Kimya. Ilipigwa kwa kosa la kunyamaza. Walipoingia walimkuta mzee mmoja juu ya mkeka wake, uso umeelekea kibla, na Ngwali akajua alikuwa kwenye swala, na mtu aliye kwenye swala haitiki. Alimweleza Meja. Meja alihuzunika kweli, akavua kofia, akasema kanuni haina kipengele cha swala, lakini atapeleka pendekezo.

Nyumba ya tatu ilileta utata mkubwa zaidi. Hodi ilipopigwa, mtu alikohoa kutoka chooni, uani. Kila mtu wa Staha anajua maana yake: nimo, lakini siwezi kusema sasa, nipe nafasi. Mzinga uliolenga nyumba hiyo ulisimama, na tume ikaitwa tena hotelini. Wajumbe walibishana mchana kutwa. Mmoja alisema kikohozi ni karibu ya mtu aliye chooni. Mwingine alisema hakuna mwenyeji anayemkaribisha mgeni mahali kama hapo, kwa hiyo hicho ni kimya chenye sauti. Mwishowe Profesa aliwapatanisha: kikohozi cha kifuani kihesabiwe karibu, na kikohozi cha kooni kihesabiwe kimya. Meja alipoletewa uamuzi huo alifarijika, akaandika ripoti ndefu. Mwenye kikohozi alikuwa ameshakufa kwa kipande cha chuma kilichoruka kutoka nyumba ya jirani iliyopigwa mchana huohuo.

Kuanzia hapo Ngwali akaanza kuichukia sauti yake. Alijaribu kuikwaruza, ili watu wasikie ugeni ndani yake wakimbie, lakini Meja alimkemea kwamba hodi isiyosikika vizuri ni udanganyifu kwa raia. Alijaribu kuomba ahamishiwe jikoni. Akajibiwa kwamba Waziri mwenyewe ameisifu sauti yake redioni, na kwamba nyumba za sehemu yake zinaitika kuliko za sehemu nyingine yoyote ya vita.  Ngwali alijua kwa nini zinaitika. Watu walisikia sauti ya mtu aliyekuja kuwaalika harusini, wakafurahi.

Hivyo ndivyo walivyofika Vumbasi.

Kijiji hicho kilikaa chini ya mteremko mtupu, usio na hata kichaka, na nyuma ya ukingo wa mteremko huo ilianza misitu mikubwa ambako jeshi halikuweza kufika. Gari la televisheni lilikuwa limeshatangulia kupiga picha za ushindi. Mbele ya kijiji, kando kabisa ya njia, ilisimama nyumba ya udongo yenye mlango wa samawati, na kanuni ilisema wazi kwamba kazi ianzie nyumba ya kwanza, maana kuruka nyumba ya jirani ukaenda ya mbele ni dharau. Ngwali alijongea mlangoni.

"Hodi."

"Ngoja, mwanangu," ilijibu sauti ya mwanamke mzee. "Najistiri."

Meja Dilunga alikuwa ameshainua kidole. Akakishusha.

"Amesema nini?"

"Amesema tungoje, afande."

"Tungoje nini?"

"Anajistiri. Hajavaa."

Meja alifungua kitabu cha kanuni, akapitia karibu, akapitia kimya, akapitia kikohozi cha aina zote mbili. Ngoja haikuwemo. Akapiga redio mji mkuu, na kwa mara ya tatu tume ikakusanywa hotelini, wengine na taulo shingoni.

Uamuzi ulikuja haraka kuliko kawaida, kwa sababu Profesa Mwinyikambi aliona jambo lenyewe liko wazi. Mwanamke asiyejistiri haangaliwi. Na kama haangaliwi kwa jicho, basi haangaliwi kwa darubini ya mzinga pia. Jeshi la Staha lisubiri mpaka mama huyo amalize kuvaa, na wakati wa kusubiri, askari wote wakipe kijiji mgongo, kwa heshima.

Basi wakageuka. Msomaji aichukue picha hiyo kama ilivyokuwa: mizinga imekielekea kijiji, na wapiga mizinga wameelekea walikotoka, mikono nyuma, kimya kama watu walio msibani. Meja naye aligeuka. Mpiga picha wa televisheni aligeuzwa na kamera yake. Mtu mmoja tu aliachwa atazame mlango, naye ni mpiga hodi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusikiliza.

Na Ngwali akaona. Nyuma ya nyumba ile, kwenye vichochoro, watu walikuwa wanatoka. Walitoka bila kelele, wanawake wamefunga watoto migongoni, wanaume wameshikilia vikongwe, mtu na godoro, mtu na mbuzi aliyefungwa mdomo kwa kitambaa. Walianza kupanda ule mteremko mtupu. Askari yeyote angegeuza shingo angewaona wote, kama nzi juu ya shuka jeupe.

"Koplo," Meja aliita bila kugeuka. "Vipi huko?"

"Kimya, afande."

"Muulize kama tayari."

Ngwali alipiga hodi tena, taratibu. "Bibi, tayari?"

"Bado, mwanangu. Nimeipata kanga moja, ya pili siioni."

"Bado, afande. Anatafuta kanga ya pili."

Ujumbe ukapelekwa mji mkuu. Tume ikauliza kama kanga moja haitoshi. Mjumbe pekee mwanamke, Daktari Mwatime, aliyekuwa hajapewa nafasi ya kusema tangu vita ianze, alisema haitoshi. Wakasubiri. Jua likapanda. Ngwali aliuliza tena, na safari hii bibi alikuwa ameipata kanga lakini ina tundu. Akauliza tena, akaambiwa anatia uzi kwenye sindano na macho hayaoni. Ngwali alipeleka kila jibu kwa Meja kama lilivyo, neno kwa neno, na tangu avae ile sare hakuwahi kuipenda kazi yake kama asubuhi hiyo.

Lakini Waziri alikuwa anasubiri picha za ushindi kwa ajili ya taarifa ya habari. Alipochoka kusubiri aliamua mwenyewe, bila tume. Alisema kwamba Serikali ni mwenyeji wa raia wote, na nyumba zote za Staha, kwa maana pana, ni nyumba za Serikali. Kwa hiyo mwenye nyumba akichelewa kuitika, Serikali inaweza kuitika kwa niaba yake. Koplo mpiga hodi aingie ndani, ili jibu litoke ndani kama mila inavyotaka. Meja apige hodi yeye. Koplo aseme karibu. Hapo heshima itakuwa imekamilika, askari wageuke, wafanye kazi.

Meja alimsomea Ngwali maneno hayo huku bado amekipa kijiji mgongo. "Ni neno moja tu," aliongeza. "Ukimaliza utoke upesi, tutakungojea uwe mbali. Wewe ni mtu wetu."

Ngwali alitazama mteremko. Wa mbele walikuwa wameshaufikia ukingo. Wa nyuma walikuwa hawajafika hata nusu, wamebeba kitanda, na juu ya kitanda alilala mtu. Ukingo ulikuwa mbali. Kwa neno moja tu watu hawa wote wangeonekana. Aliogopa sana. Aliwakumbuka mabinti zake, na kwa kitambo kizima alitamani kulisema lile neno yaishe, arudi nyumbani. Akausukuma mlango.

Yule mwanamke mzee, Bi Mwanapili, alikuwa ameketi kitandani, kanga zote mbili mwilini, safi, hazina tundu. Pengine alikuwa hivyo tangu alfajiri. Miguu yake ilikuwa imevimba, ameiweka juu ya kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Wamefika wapi?"

Ngwali alichungulia mlango wa uani. "Wengi wamevuka. Wa nyuma wamebeba mtu kitandani."

"Huyo mkwe wangu. Kajifungua jana, mwendo hawezi." Aliisogeza miguu kwenye kigoda. "Walipokuja kunibeba na mimi nikawaambia, mna mikono mingapi? Mbebeni yeye. Mimi nitawavalia nguo hapa."

"Bibi, mimi nimeagizwa niseme karibu kwa niaba yako."

"Ukisema, watageuka?"

"Watageuka."

Bibi alimtazama, si kwa hasira. "Una sauti nzuri," alisema. "Nilipoisikia nusura niseme karibu. Mdomo ulishafunguka. Basi fanya unavyoona, wewe mtu mzima, sitakufundisha."

Nje, Meja Dilunga akapiga hodi. Alikuwa na sauti mbaya, ya kukwama kwama, na ilisikika kwamba hapendi. Ngwali alikaa kimya. Hodi ya pili ikaja. Alitazama mteremko kupitia mlango wa uani, kitanda kilikuwa kimewekwa chini, wabebaji wanapumzika, na mmoja wao alikuwa anawapungia wenzake waje kumsaidia. Hodi ya tatu ikaja.

"Ngoja," Ngwali alisema.

Meja alijibu bila kugeuka.

"Koplo, hilo silo neno ulilopewa."

"Najua, afande. Lakini mimi nimo ndani, na huku ndani hatuko tayari."

"Ngwali." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake. "Toka, ndugu yangu. Nakuomba."

"Ngoja, afande."

Hapo, kutoka mbali juu ya mteremko, mtoto mchanga alilia. Sauti ilishuka wazi kabisa, maana hapakuwa na upepo. Kila askari aliisikia, na kila askari alijua kwamba imetoka mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mtu. Shingo zilianza kukakamaa. Meja Dilunga alisema kwa nguvu, akiwaelekea watu wake, kwamba amri ya kugeuka haijatoka, na atakayegeuza kichwa kabla ya amri atashtakiwa kwa utovu wa adabu. Kisha akachukua redio, akaripoti polepole mno kwamba nyumba imeitika, lakini jibu ni lile lile, na anaomba mwongozo. Mji mkuu ulisema hausikii vizuri. Meja akarudia yote, tangu mwanzo, pamoja na ile habari ya kanga na sindano.

Jibu la Waziri lilikuwa fupi. Anayeitika kutoka ndani ya nyumba ni mtu wa nyumba hiyo. Geukeni.

Meja aliwasomea askari mara moja, akasema hawakusikia vizuri, akawasomea tena. Ndipo akatoa amri. Walipogeuka, mteremko ulikuwa mtupu, na lile godoro tu limeachwa katikati ya njia. Mbele yao kulikuwa na nyumba moja yenye mlango wa samawati, na nyumba hiyo haikuwa imesema karibu. Mpiga mzinga alimtazama Meja. Meja akafungua kitabu, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Kisha akainua kidole, kwa sababu alikuwa ameagizwa, na kwa sababu hakuna ukurasa uliomwambia asikiinue.

Taarifa ya Wizara ya Vita na Ukarimu ilisomwa jioni hiyo. Ilisema Vumbasi imechukuliwa kwa kufuata Kanuni ya Hodi kikamilifu: hodi ilipigwa, na nyumba ikaitika. Haikutaja jibu lilikuwa nini. Wafadhili walitoa pongezi, na Profesa Mwinyikambi alialikwa nchi za nje kwenda kuifundisha kanuni hiyo. Meja Dilunga alipandishwa cheo, na inasemekana siku hizi halali vizuri.

Ila Bi Mwanapili tu, watu wa Vumbasi walivuka wote, na yule kichanga naye. Walijenga upya ndani ya misitu, na soko lao ni Alhamisi. Ni watu wakarimu, ukikutana nao njiani watakupa hata maji yao ya mwisho. Lakini ukienda kwenye nyumba zao ukapiga hodi, uwe jirani, uwe ndugu wa damu, uwe umekuja kuwaalika harusini, hakuna anayeitika. Unasimama mlangoni, unasikia jiko linazimwa kwa maji, unasikia mtu anawakusanya watoto upande wa uani, halafu husikii kitu tena.